Kigingi Kilichopigiliwa Kilimani

Kwanza ilikuja harufu ya nywele zinazoungua, na hapakuwa na moto popote.

Kapteni Raghib alikuwa ameinamia darubini ya kupimia ardhi. Jeshi lilitaka ramani ya jangwa lile, kusini mwa mji wa Maan, kabla ya mazoezi ya mizinga. Juu ya kilima alichokichagua Raghib mwenyewe, Sajini Shlash alikuwa akipigilia kigingi cha chuma. Ndani ya darubini Raghib akaona mkono mweusi, mrefu, ukichomoza mchangani na kumshika Shlash kifundo cha mguu.

"Shlash! Shuka upesi!"

Shlash alishuka polepole, nyundo mkononi, akitabasamu.

"Mwanangu amelala pale," akasema kwa sauti ya kike. "Mmempigilia chuma utosini."

Nyundo ikamvunja Raghib bega, na dereva Hamdan alipokimbilia kuamulia akapigwa usoni hata taya likaning'inia, meno yakamwagika kifuani, lakini akamng'ang'ania Shlash kiunoni mpaka wote watatu wakaanguka, Raghib na Hamdan wakamfunga kamba kwenye gurudumu la lori huku akiwatemea damu na kucheka.

Hamdan, taya limefungwa kwa shemagi, kitambaa chake cha kichwani, aliendesha gari lao jingine hadi kwenye mahema ya Mabedui akamleta Hajja Wadha, mganga. Bibi huyo alimkalia Shlash kifuani, akamzaba makofi.

"Toka, we jini mwanamke!"

"Nitatokea jichoni," ile sauti ya kike ikajibu.

"Kwenye kidole cha mguu! Jicho hulipati."

"Basi chuma aking'oe yeye aliyepachagua."

Raghib akapanda kwa mkono mmoja, jua la adhuhuri likimchoma kisogo, na kila alipovuta kigingi mtoto mchanga alilia chini ya miguu yake, akavuta, kilio kikapanda, akavuta tena huku naye akilia, mpaka chuma kikachomoka kimelowa damu, kimeshika nywele laini, na chini kukawa kimya.

Alipoteremka, Shlash alikuwa akiomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikuwa umeng'oka.

"Ametoka," Hajja Wadha akasema, bila furaha. "Mtoto je?"

"Amenyamaza."

Bibi akakitazama kile chuma.

"Kapteni, wewe una watoto?"

"Mmoja. Yuko Karak, bado ananyonya."

Hajja Wadha akajifunika uso kwa shungi. Raghib alikuwa ameshaanza kulikimbilia gari.