Umeme Uliosingiziwa

Umeme ukikatika Kabondo, watoto wa mtaa hukusanyika uani kwa kina Larissa kupiga soga. Siku hiyo walikuta kompyuta ya dada yake, Delphine, juu ya meza, imejaa chaji. Delphine na mama yao, Mama Berthe, walikuwa wametoka kuazima viti. Keshokutwa Delphine angetetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu wa chuo kikuu, na mtaa mzima ulikuwa umealikwa kula.

"Lari, tuwekee filamu! Ama unaogopa yaya wako Delphine?" Josué akamchokoza.

Larissa alipenda kuona uwanja umejaa watu, kukataa kukamshinda. Akaweka filamu. Waliokaa nyuma wakalalamika kwamba hawaoni. Akakisukuma kioo cha kompyuta nyuma, akakilaza zaidi, mara kikalia, "Kwak!" Picha ikapotea. Sauti ya filamu ikaendelea gizani.

Watoto wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Larissa akaizima kompyuta. Muda mfupi baadaye umeme ukarudi, na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha. Delphine alipoingia, akajaribu kuiwasha. Skrini nyeusi.

"Nani aligusa?"

"Courant ilirudi na nguvu, yaya," Larissa akasema.

Nani angebisha? Mama Berthe akautukana umeme uliowahi kumuulia pasi. Jirani yao, Mama Aziza, akaililia friji yake iliyoungua vivyo hivyo. Uongo ukapata mashahidi bila kuwatafuta.

Asubuhi dada hao wakapanda baiskeli mbili za toleka hadi Makiso, kwa Franck, fundi wa kompyuta. Delphine aliikumbatia mashine kama mtoto mchanga, maana picha na ramani zote za kuwaonyesha walimu zilikuwa humo, na nakala hakuwa nayo.

"Bon, kama ni courant, siwashi," Franck akasema. "Nikiwasha naweza kuunguza kazi yako yote. Lazima nifungue, nipime kipande kwa kipande. Hakuna kitu ingine? Haikuanguka?"

Larissa akatazama viatu vyake. "Hapana, tonton."

Hadi jioni Franck alikuwa bado anapima. Siku ya kutetea ikafika, naye Delphine akavaa nguo yake mpya, akaenda chuoni mikono mitupu kuomba asubiriwe. Larissa akaacha chai yake mezani, akakimbia hadi kwa Franck, akamweleza yote.

"Sauti iliendelea?" Franck akashika kichwa. "Mutoto, mbona hukusema?"

Akarudisha vipande haraka, akawasha, akamulika skrini kwa tochi. Maandishi yakaonekana kwa mbali, kama kivuli. Akaiunganisha na televisheni yake, na picha ikatokea safi kabisa.

"Kompyuta iko muzima! Ni waya ya skrini tu, imelegea hapa inapokunjwa."

Akaifungua sehemu hiyo, akaurudisha waya mahali pake. Skrini ikang'aa. Kazi fupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Wakapanda pikipiki mbio hadi chuoni. Delphine alikuwa ameketi kwenye ngazi, peke yake. Walimu walikuwa wameondoka. Angengoja miezi mpaka kikao kingine. Larissa alipomweleza ukweli, Delphine hakumgombeza. Alifungua kompyuta, akatazama ramani zake, akaifunga.

Nyumbani, lituma ya ndizi ilikuwa imeshatwangwa na viti vimepangwa. Mama Berthe akamketisha Larissa kimojawapo.

"Mashine haina mudomo, mwanangu. Aliyekuwa pale ndiye anaisemea. Fundi alitafuta ugonjwa kule ulikomtuma. Kuvunja ni ajali, wote tunavunja. Lakini ukificha, unamnyima mwenzako dawa. Sasa nenda, nyumba kwa nyumba, uwaambie sherehe haipo. Na useme kwa nini."

Larissa akaanzia mlango wa jirani. Mama Aziza alikuwa amekwishajifunga kitenge chake cha sherehe.

"Pole, mama, nimesikia sasa hivi!" akasema. "Hii courant ya kwetu, kweli ni mubaya!"

"Hapana, Mama Aziza. Si courant. Ni mimi."