Kichwa cha Treni cha Shuaib

Jumamosi saa tatu asubuhi Mzee Aden Nuh alirudi kutoka Dadaab, akafungua chumba cha marehemu mwanawe, akakuta treni yake ya mezani haina kichwa. Mabehewa yalikuwa yamesimama stesheni kama alivyoyaacha, na mbele yao reli tupu. Hakupiga kelele. Alikwenda sebuleni, akaketi, akamwambia mkewe Amran aite polisi.

Aliyetumwa ni Koplo Mwende. Mwezi mmoja ulikuwa umepita tangu amzike mamake kule Masinga, na tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayekula ugali bila mboga: anatafuna, anameza, basi. Wenzake kituoni walimsifu kwa utulivu. Utulivu gani? Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na yeye mwenyewe alijua.

Chumbani kwa marehemu, meza ya mbao ilijaza karibu nafasi yote, na juu yake kulikuwa na vilima vya plasta, daraja, stesheni, na reli iliyozunguka yote hayo. Garissa haina reli, kwa hiyo majirani wengi treni yao ya kwanza waliiona hapo. Shuaib, mtoto wa pekee, ndiye aliyeianza. Mwaka uliopita homa ilimchukua ghafla, na babake, mwenye duka la dawa ambaye dawa zake siku hiyo hazikufaa kitu, akaimalizia. Kila jioni alikuwa akifunga duka na kuja kuiendesha.

Mwende aliuliza swali moja tu, kichwa kilionekana mara ya mwisho lini, akapewa darasa zima. Kona usiibane, mzee alisema, behewa refu litaanguka. Umeme usitegemee kiungo kimoja, kila kipande cha reli kilehemiwe waya wake. Meza ikae sawa kama maji kwenye sinia. Na kubwa kuliko yote ni usafi, maana umeme hupanda kwenye kichwa kupitia magurudumu, na kitu chochote kikilala juu ya reli, treni inakwama.

"Hapa kwetu fumbi ndio adui," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Kila jioni nafuta reli yote na sbiriti, halafu naweka treni kwa stesheni. Jumatano nilifuta. Alhamisi alfajiri nikaenda Dadaab kubeleka dawa."

Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti. Mwende aliitambua sauti hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiisikia kinywani mwake kila alipopokea simu.

Ufunguo wa chumba ulining'inia jikoni. Amran, mwanamke mrefu aliyejifunga ushungi wa kijani, alisema hakukifungua hadi Ijumaa asubuhi, fundi seremala alipokuja kukaza mguu wa meza.

"Nilichungulia, abaayo, dada yangu. Hiyo treni ilikuwa mzima, kichwa iko mbele. Nikamwacha Wario na kazi yake."

Siku hiyo hiyo alasiri alikuja pia Mwalimu Martin, anayefundisha fizikia na aliyemsaidia Shuaib kufunga nyaya. Alirudisha koleo na akakaa chumbani peke yake kidogo. Wiki iliyotangulia alikuwa ameomba kichwa hicho kwa maonyesho ya shule, akanyimwa. Kwa hiyo washukiwa walikuwa wawili, wote wa Ijumaa. Mwalimu alihojiwa kwa heshima, tena kwenye kiti. Wario, Mborana aliyekuja kutoka Wajir kutafuta riziki, alitiwa pingu katikati ya soko, wateja wake wakitazama. Mnyonge hana haki, na mkuu wa kituo alikwisha sema Jumatatu afikishwe mahakamani.

Mwende alimhoji selini saa kumi jioni. Wario alikuwa ameketi sakafuni, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Uliingia ukaona nini?"

"Mabehewa tu, afande. Kichwa hakuna. Nilifikiri mzee amesafiri nayo."

"Mama mwenye nyumba anasema alikiona asubuhi hiyo."

"Basi aliona yeye. Mimi niliona mabehewa, na chumba inanukia kama harusi. Nikakaza mguu nikaenda. Afande, mimi kazi yangu ni kufunguliwa nyumba za watu. Nani atamfungulia mwizi? Hata mkiniachilia kesho, mimi nimekwisha."

Mwende alitafuta huruma ndani yake, asiipate. Lakini kazi haihitaji huruma, inahitaji kichwa. Alikwenda kwa Mwalimu Martin, naye akasema vivyo hivyo: kichwa hakikuwepo, alidhani kimefichwa kabatini asije akakiomba tena. Alisema hivyo kwa aibu kidogo. Watu wawili wasiojuana walisema hakipo, na mmoja alisema kipo. Halafu kulikuwa na ile harufu ya harusi.

Jumapili saa nne asubuhi alirudi nyumbani kwa Mzee Aden na kuwaomba mume na mke wasimame naye chumbani. Alimuuliza mzee kama ana kichwa kingine. Kilikuwepo kimoja kidogo, cha kufanyia majaribio. Mzee alikiweka relini, mbali na stesheni, akazungusha swichi. Kikashtuka, kikasogea kidogo, kikakwama.

"Haiwezekani," mzee alisema. "Nilifuta."

Mwende alipitisha kitambaa cheupe juu ya reli pale kilipokwama. Kilitoka na utando wa kahawia unaonata. Akakinusa, akampa mzee naye anuse.

"Uunsi," mzee alisema polepole.

Ni ule ubani wa kina mama wa Kisomali, unaochomwa kwenye chetezo ili nyumba na nguo zinukie. Moshi wake ni mtamu puani, lakini ukitua juu ya chuma hugandama. Mwende akamgeukia Amran, akamuuliza alifukiza lini mara ya mwisho.

"Alhamisi, baada ya magharibi. Kila Alhamisi nafukiza nyumba yote."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa hapana. Chetezo ilianguka Alhamisi hiyo hiyo, ikabasuka. Sijanunua ingine."

Mwende akainama juu ya stesheni na kuyasukuma mabehewa nyuma taratibu. Pale magurudumu yalipokuwa yamekanyaga, kila moja lilikuwa limeacha doa dogo linalong'aa, kwa sababu moshi haukuweza kutua chini yake. Madoa yalifuatana mawili mawili hadi behewa la kwanza. Mbele ya hapo, mahali pa kichwa, utando ulikuwa mzima, hauna doa hata moja.

"Moshi ulipoingia, kichwa hakikuwa hapa," alisema. "Na moshi uliingia Alhamisi. Mama Shuaib, Ijumaa ulikiona wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Amran aliketi kwenye kitanda cha mwanawe kilichosukumwa ukutani, akavuta sanduku la nguo lililokuwa chini yake, akatoa shati la shule lililoviringishwa. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha treni.

"Niliitoa Alhamisi, mzee akiwa njiani," alisema. "Halafu magharibi nikaingia na chetezo, kama kila Alhamisi. Hii ni chumba ya mtoto wangu, singeweza kuiruka."

La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, na huyu ubani wake ndio uliomfichua.

"Kwa nini?" mzee aliuliza.

"Kwa sababu mwaka mzima unaongea na hii. Mimi nakuita, husikii. Nikilia, unazungusha swichi. Nilitaka jioni moja tu inyamaze, uone mimi pia nimefiwa."

"Na Wario?" Mwende aliuliza.

"Sikutaka ashikwe. Uliponiuliza niliogoba mzee atajua, ulimi ikasema. Halafu walimshika na mimi nikanyamaza. Hiyo ni dhambi yangu, siifichi."

Mzee Aden alikichukua kichwa kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akakirudisha ndani ya shati na kulifunga.

Kabla ya adhuhuri Wario alitoka seli. Amran alimwomba radhi mlangoni pa kituo, mbele ya Mwende na mkuu wake. Wario alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Lakini pingu sikuvalishwa hapa. Nilivalishwa sokoni."

Amran akaelewa. Walikwenda kwa miguu, Wario mbele na kisanduku chake cha vifaa, Amran nyuma yake. Kwa muuza maziwa ya ngamia akasimama, akasema kwa Kisomali kisha kwa Kiswahili: fundi huyu hakuiba, niliyesema uongo ni mimi. Kwa muuza mbao akasema tena. Kwa wauza miraa sauti ilimkatika, hakuweza kumaliza.

Aliyemmalizia ni Mzee Aden. Hakuna aliyemwona akiwafuata. Alisimama kando ya mkewe, akasema, "Ni kweli. Na mimi nilikuwa sisikii." Kisha akamshika mkono, wakaenda kwenye kibanda kilichofuata.

Mwende aliwatazama akiwa kwenye kivuli cha duka. Kesi ilikuwa imekwisha, na alijua kwamba mtu mwingine hapo angefurahi. Yeye alihisi jua likimchoma shingoni na harufu ya uunsi kwenye vidole. Alivinusa, akavinusa tena, halafu akatoa simu kumpigia babake, aliye peke yake Masinga, ambaye Mwende alikuwa hajamuuliza hata mara moja jioni zake anazipitishaje.