Kengele Isiyouliza

Kila asubuhi Nathaniel alivuka ziwa kwa kivuko kwenda kazini. Alikuwa fundi wa redio na simu huko Mabatini, mjini Mwanza. Nyumbani kwao Kamanga aliwaacha watu watatu: mke wake Selestina, baba yake mzee Nkwabi, na mama yake Ng'washi.

Ng'washi alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu yake ilivimba, na sauti ilipungua hadi ikabaki ya kunong'ona. Alilala akiwa ameegemea mito mitatu. Akiteleza na kulala chali, pumzi ilimwishia. Hapo ilibidi mtu amwinue haraka. Daktari aliwaeleza hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Selestina alikuwa na kazi ya kuanika dagaa. Chanja zake zilikuwa karibu na maji, hatua sitini kutoka nyumbani. Angewezaje kuwa chanjani na kitandani kwa wakati mmoja? Nathaniel akasema, "Niachieni mimi. Mimi ni fundi."

Kweli, alikuwa fundi. Alichukua kopo la plastiki akapanga ndani yake betri, kitufe, chipu yenye programu, na kibao kidogo cha Bluetooth. Mama akibonyeza kitufe, chipu inatuma neno hewani bila waya, na simu ya Selestina inalia. Neno hilo halifiki mbali. Linatosha nyumba na ua, basi; Nathaniel hakuwahi kulipima hadi chanjani.

Siku ya kwanza Ng'washi alibonyeza, Selestina akaja mbio.

"Unataka nini, mama?"

"Uji," Ng'washi alinong'ona. "Na nilitaka kuona unavyokimbia."

Walicheka wote. Nyumba hiyo ilikuwa haijacheka kwa muda mrefu.

Kibao cha Bluetooth kilikuwa na kitaa chake chekundu kinachopepesa. Siku ya tatu Ng'washi alilalamika.

"Nathaniel, kitaa chako kinanikonyeza usiku kucha. Mimi ni mke wa mtu."

Nathaniel akacheka. Akakifunika kile kitaa kwa utepe mweusi. Badala yake akaweka taa ya kijani isiyopepesa, akaiunga moja kwa moja kwenye betri.

"Mama, ukiona kijani, jua tunakusikia," alisema.

Hayo ndiyo maneno aliyokuja kuyajutia maisha yake yote.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, mzee Nkwabi, ambaye ndiye aliyekaa na mgonjwa Selestina alipokuwa chanjani, alikwenda kwa jirani kwenye sala ya jumuiya. Saa saba mchana wingu jeusi likatokea juu ya ziwa. Kila mwanika dagaa wa Kamanga anajua maana yake. Dagaa wakilowa, wanaoza. Selestina aliifunga simu kiunoni, akakimbia chanjani kuanua.

Huko chanjani, hatua sitini kutoka kitandani, Bluetooth ilikatika. Simu haikusema kitu. Kopo nalo halikusema kitu.

Mvua ilinyesha. Selestina na wanawake wenzake walihamishia dagaa kibandani, wakaanza kutenga waliolowa na wakavu. Alitazama simu. Kwenye kioo palikuwa na neno lile lile la asubuhi, la kuonyesha kwamba mgonjwa hajaita: TULIVU. Akairudisha kiunoni. Baadaye akatazama tena. TULIVU.

Karibu saa nzima ilipita. Aliporudi nyumbani alimkuta Ng'washi amelala chali. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Nathaniel alipigiwa simu akiwa kazini. Alipofika gatini, kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Alisimama ukingoni kabisa, kana kwamba kusimama pale kungekifanya kirudi upesi. Mtu mmoja alimwambia akae. Hakukaa.

Walimzika Ng'washi Ijumaa.

Kwenye msiba watu wana midomo. Wanawake wawili jikoni walisema mkwe aliona dagaa ni muhimu kuliko mama mkwe. Walisema polepole, lakini si polepole ya kutosha. Selestina alisikia. Usiku huo alimwuliza mume wake, "Simu ilikuwa kiunoni kwangu. Haikulia. Au ililia, nikashindwa kuisikia kwa sababu ya mvua?"

"Usijilaumu," Nathaniel alijibu.

Wakati huo hata yeye hakujua zaidi.

Baada ya siku kumi alilifungua lile kopo. Ndani ya programu alikuwa ameweka hesabu ya mibonyezo, ili ajue kitufe kitachakaa lini. Kila alfajiri aliirudisha sifuri. Aliunga chipu kwenye kompyuta, akasoma hesabu ya ile Jumatano.

Kumi na saba.

Mama yake alibonyeza mara kumi na saba. Mara kumi na saba chipu ilituma neno, na kila neno lilipotea hewani. Kumbukumbu ya simu haikuonyesha wito hata mmoja siku hiyo: haikulia hata mara moja. Selestina hakuwa na kosa lolote.

Hapa ndipo Nathaniel alipokosea mara ya pili, na kosa hili halikuwa la ufundi. Alinyamaza. Alimwona mke wake anakonda. Alimwona akitega sikio kila simu ilipolia, hata ya jirani. Akanyamaza. Mtu anaweza kuwa na mikono hodari na moyo mwoga, na Nathaniel alikuwa hivyo.

Mwezi ukapita. Magoti ya mzee Nkwabi yakazidi kulegea. Sasa alikuwa peke yake chumbani. Kwa desturi ya nyumba hiyo, mkwe haingii chumba cha baba mkwe ovyo, na baba mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina. Mzee alikuwa radhi kukaa na kiu tangu asubuhi hadi jioni kuliko kupaza sauti.

"Tumwekee baba ile kengele," Selestina alisema siku moja. "Safari hii sitatoka na simu hata hatua moja. Naapa."

Mke wake alikuwa anaapa kwa kosa la mtu mwingine.

Siku hiyo alilibeba kopo hadi Mabatini. Jirani na kibanda chake cha ufundi aliishi mwalimu Odeta, aliyefundisha umeme katika chuo cha ufundi. Nathaniel alimsubiri hadi aliporudi kutoka kazini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Pole na msiba. Kopo hilo la nini?"

Akamweleza yote, pamoja na ile kumi na saba. Odeta hakukimbilia kumfariji. Alivaa miwani, akalifungua kopo, akalitazama kwa muda mrefu.

"Taa hii ya kijani inatoka wapi?"

"Kwenye betri."

"Kwa hiyo inasema betri ipo. Haijui lolote kuhusu simu. Simu ingekuwa hata Bukoba, ingewaka hivi hivi."

Nathaniel aliinamisha kichwa.

"Na huu utepe?"

"Kitaa kilikuwa kinamsumbua mama."

Odeta aliubandua utepe. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa mbiombio.

"Angalia. Kikipepesa haraka namna hii, kibao kinatafuta simu. Hakijaipata." Akachukua simu yake, akaiunganisha. Kitaa kikatulia. Sasa kilipepesa mara mbili, kikapumzika, kikapepesa mara mbili tena. "Hivi ndivyo kinavyosema kimeungana. Kilikuwa kinawaambia ukweli, fundi. Mkakifunika."

"Lakini chipu haina macho, mwalimu. Programu ingeonaje kitaa?"

"Swali zuri. Hesabu miguu ya kibao hiki."

Nathaniel alihesabu miguu ya chuma. "Minne."

"Kinatoka kiwandani na sita. Miwili iko wapi?"

"Niliikata. Miguu ya umeme, hasi, kutuma na kupokea ilitosha. Hiyo mingine ilikaa bure."

"Mmoja wa hiyo uliyoikata umeandikwa STATE, yaani hali. Kazi yake ni moja tu. Simu ikiungana, mguu huo unapata volti, tunasema uko juu. Simu ikikatika, volti inaondoka, uko chini. Unatoa waya mmoja hapo hadi kwenye chipu. Programu inausoma. Uko juu, yupo anayesikia. Uko chini, hayupo."

"Waya mmoja?"

"Waya mmoja. Bila huo, programu yako ilikuwa inatuma neno na kulala usingizi. Haikuuliza kama kuna mtu upande wa pili."

Nathaniel alikaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alilia bila kujificha. Odeta alimwacha alie, kisha akampa kitambaa na kibao kipya chenye miguu sita.

"Sasa sikiliza vizuri, usije ukakosea tena. Vibao vingine mguu huo unapepesa pamoja na kitaa wakati wa kutafuta. Ukiusoma mara moja tu, unaweza kuukuta juu ukadanganyika. Usome mfululizo kwa sekunde mbili. Ukibaki juu muda wote, ndipo uamini. Halafu, simu ikienda mbali, kibao huchukua sekunde kadhaa kugundua. Usitegemee kitagundua papo hapo."

"Nimeelewa."

"Bado. Kuungana si kusikilizwa. Simu inaweza kuwa imeungana huku programu yake imefungwa. Kwa hiyo simu lazima ijibu. Mgonjwa akibonyeza, simu irudishe neno: nimepata. Chipu isipolipata ndani ya sekunde tatu, kopo lenyewe lipige king'ora. Na simu nayo ikikatika ilie, isikae inaonyesha neno la asubuhi. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba hasikiki. Akijua, atatafuta njia nyingine."

Nathaniel alirudia kila hatua kwa sauti mpaka Odeta akaridhika. Alipokuwa anaondoka, mwalimu alimwita.

"Fundi. Mkeo anajua?"

Nathaniel akaendelea kufunga kopo lililokwisha kufungwa.

"Basi hiyo nayo kairekebishe."

Jioni ile Nathaniel alimketisha Selestina mbele ya baba yake. Alisema yote. Alisema kuhusu taa, utepe na miguu aliyoikata. Alipofika kwenye kumi na saba, aliitaja kwa kunong'ona.

Selestina alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Ulijua lini?"

"Siku kumi baada ya mazishi."

"Mwezi mzima," alisema. "Mwezi mzima umeniacha nijione muuaji." Akainuka, akatoka nje.

Mzee Nkwabi aliutazama mlango alimotokea mkwe. Kisha akasema, "Mama yako alikuwa na moyo mbovu. Labda angekufa hata kama tungemwinua. Hatutajua, na hilo nitalibeba. Lakini mke wako alisemwa mbele za watu, na wewe umempa ukweli chumbani. Kesho hutavuka. Utakwenda chanjani."

Kesho yake Nathaniel alisimama katikati ya wanawake wanaoanika dagaa. "Kengele niliitengeneza vibaya," alisema. "Mama aliita, simu haikulia. Kosa ni langu. Mke wangu hana kosa." Wale wawili wa jikoni walitazama chini. Selestina aliendelea kugeuza dagaa. Hakumsamehe siku hiyo, wala wiki hiyo.

Nathaniel alitengeneza kengele upya, safari hii bila haraka. Alipomaliza, alimpa Selestina simu atembee nayo kuelekea ziwani. Alipouvuka ua, hazikupita sekunde nyingi, kopo likapiga king'ora na taa nyekundu ikawaka. Simu nayo ikalia mkononi mwake. Akarudi nyuma, akaiunganisha tena, kopo likanyamaza. Walirudia mara ishirini. Kisha wakamvalisha mzee kopo hilo shingoni kwa kamba.

"Baba, ukibonyeza ukasikia mlio mfupi mmoja, simu imepokea," Nathaniel alimweleza. "Ukisikia king'ora, hakuna anayekusikia. Hapo upige kelele."

"Nimwite nani? Mkwe wangu?"

"Mwite, baba. Desturi itatusamehe."

Mzee alilisukuma kopo ndani ya shati lake.

Ilikuwa mwezi wa pili baada ya hapo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na simu ya Selestina ikazimika akiwa uani anachambua dagaa. Hakutambua. Chumbani king'ora kililia, kwa sauti isiyotosha kufika uani, wakati huo huo mzee akijaribu kuinuka. Magoti yakamwachia. Akaanguka kati ya kitanda na ukuta, mkono ukiwa chini yake. Alibonyeza. Hakusikia mlio mfupi. King'ora kiliendelea.

Basi mzee Nkwabi, ambaye hakuwahi kulitamka jina la mkwe wake, alivuta pumzi akapiga kelele: "Selestina! Selestina!"

Selestina aliuacha ungo, akaingia katika chumba ambacho hakuwahi kuingia bila kuombwa. Jirani akamfuata. Walimwinua, wakampeleka zahanati. Mkono ulikuwa umeteguka. Mengine yote yalikuwa salama.

Nathaniel alirudi na kivuko cha jioni. Alimkuta baba yake amekaa na mkono wenye bendeji, anakula ugali na samaki kwa kijiko, huku akilaumu kijiko.

"Kilipolia nilijua niko peke yangu," mzee alisema. "Ndiyo nikaita."

Nathaniel alimshika baba yake bega, akamshukuru Mungu. Kisha akatoka nje, akakaa karibu na chanja. Selestina alimkuta huko analia.

"Baba ni mzima," alimwambia.

"Ndiyo."

"Sasa unalia nini?"

"Waya mmoja, Selestina. Hauzidi kidole kwa urefu. Mama naye angejua."

Selestina alikaa kando yake, kwa mara ya kwanza tangu alipoambiwa ukweli. Baada ya muda akasema dagaa wanapata umande, wakainuka wote wawili kwenda kuwaanua.