Tambi za Krimu za Shangazi

Nyumbani walimwita Kiguu. Baba yake, aliyekuwa kinyozi, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu binti huyo alikuwa kiguu na njia tangu siku alipojua kusimama. Akipiga mswaki, alizunguka nyumba nzima. Akifanya kazi za shule, kiti kililia chini yake kama mlango mbovu. Baba alikuwa akimtania, "Ningekuwa nakunyoa mimi, sikio moja lingekwisha kwenda zake zamani."

Kila Jumamosi, baba akishakwenda kufungua kibanda chake cha kunyolea na mama akishakwenda kwenye chumba chake cha ushonaji, Kiguu alibaki nyumbani. Aliosha vyombo, akafagia, akapiga deki, na kazi zikiisha alitafuta nyingine kwa sababu kukaa bure kulimwasha mwili.

Lakini Jumamosi hii haikuwa kama nyingine. Shangazi alikuwa anakuja kula chakula cha jioni.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kwa miaka mingi yeye na mumewe walitamani mtoto bila kumpata, na watu walishaacha kumuuliza. Sasa alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeanza kulitangulia gauni. Miezi ya mwanzo ilimtesa. Kila alichokula kilirudi, na kila alichonusa alikiona kinanuka rangi. Ndipo wiki hiyo akapiga simu kwa mama yake Kiguu.

"Wifi, usinicheke," alisema. "Nimeota tambi. Tambi za krimu, zile zenye kuku na vitunguu saumu. Nimeamka nikiwa natafuna mto."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kiguu, aliyekuwa akisikiliza kila neno, akainyakua simu.

"Nitakupikia mimi, Shangazi! Mimi mwenyewe, hakuna wa kunisaidia!"

"Mpishi wangu wewe!" alisema Shangazi kwa utani. "Haya, nakuja na njaa yangu."

Asubuhi hiyo, mama alisimama mlangoni na mkoba begani, akatoa maagizo yake.

"Kuku nimeshamchemsha, yuko kwenye friji. Krimu nayo iko humo humo. Usivitoe mpaka maji ya tambi yaanze kuchemka. Joto la leo halina urafiki na maziwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia kwa masikio, au umesikia kwa miguu?"

"Kwa masikio, Mama," alisema Kiguu, huku mguu wake mmoja ukiwa tayari umeanza kuelekea jikoni.

Kazi zikaisha mapema. Saa ya ukutani ilitambaa kama konokono. Kiguu alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alihesabu uma, akazipanga mezani, akazipanga upya. Mchana ulipoingia hakuweza kuvumilia. Alitoa tambi kabatini, akatoa siagi, vitunguu saumu, jibini na pilipili manga. Kisha, ili meza ipendeze kama ya wapishi wa kwenye televisheni, akafungua friji akatoa bakuli la kuku na pakiti ya krimu. Akavipanga vyote kwenye meza ya jikoni, chini ya dirisha.

"Naviangalia tu," alijiambia. "Navirudisha sasa hivi."

Sauti ikapanda kutoka uani. "Kiguu! Shuka! Tumepungukiwa na mtu wa kuzungusha kamba!"

Alikuwa rafiki yake wa ghorofa ya chini. Kiguu alichungulia dirishani, akaona kamba imelala chini bila mtu wa kuishika. Hakufikiri mara mbili. Alishuka ngazi mbilimbili, na kamba ikaanza kupiga chini, pa, pa, pa. Aliruka, akazungusha, akaruka tena. Walibishana nani kakanyaga kamba, wakapatana, wakaanza upya.

Alipokumbuka, vivuli vya majengo vilikuwa vimeshaufunika ua wote. Alipanda ngazi akihema.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kuimwagikia meza yote. Siagi ilikuwa imegeuka mafuta. Kiguu aliishika pakiti ya krimu. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mtu mwenye homa. Aliikata ncha, akanusa. Haikunuka sana, ila haikunukia kama krimu. Alitia tone kwenye kidole, akaligusa kwa ulimi, akakunja uso. Ilikuwa imeanza kuchacha. Kuku naye, alipomgusa, aliteleza vidoleni.

Kiguu alizunguka jikoni. Simu ilikuwa pale kabatini, na chumba cha ushonaji cha mama kilikuwa mtaa wa pili tu. Aliinyanyua simu, akaiweka. Mama angesema, "Nilikwambia." Shangazi angesikia. Baba angesema, "Kiguu ni yule yule." Alizunguka tena, akafika mlangoni, akarudi.

"Moto unaua kila kitu," alijiambia kwa sauti, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akibishana naye.

Akawasha jiko. Alichemsha maji na chumvi, akatumbukiza tambi. Alikaanga vitunguu saumu kwenye siagi mpaka harufu ikajaa nyumba. Akatia kuku, akamimina krimu. Krimu ikakatika ndani ya sufuria, ikawa vijichembe vyeupe kwenye maji. Kiguu aliipigapiga kwa uma, akaongeza jibini, akaongeza pilipili manga, kisha akaongeza nyingine. Hatimaye mchuzi ukawa mzito na laini, unang'aa. Alichanganya tambi zote humo. Kwa macho, kilikuwa chakula cha kupigiwa makofi. Lakini kila alipofunika sufuria, aliifunua tena kunusa.

Jioni wote wakafika. Shangazi aliingia akijipepea kwa kitambaa.

"Nimeinusa harufu tangu chini! Ngazi zenyewe nimezipanda kama mtoto!"

Mama aliangalia jikoni, akatabasamu. "Kweli mwanangu umekua."

Maneno hayo yalimchoma Kiguu kama moto wa kijiti. Walipoketi mezani, yeye hakuketi. Alikwenda kuleta chumvi ambayo ilikuwa mezani tayari. Akaenda kuleta glasi, akarudi bila glasi.

"Huyu leo ana mchwa miguuni," alisema baba.

Shangazi alimvuta karibu yake. "Njoo hapa, mpishi. Weka mkono." Akauchukua mkono wa Kiguu, akauweka tumboni. Chini ya kitambaa, kitu kidogo kikapiga, kikatulia, kikapiga tena.

"Kasikia harufu ya chakula," alisema Shangazi, macho yakimng'aa. "Hajawahi kucheza hivi. Nenda ulete, tusimcheleweshe huyu mwenye nyumba wa tumboni."

Kiguu alirudi jikoni. Alipakua tambi kwenye bakuli kubwa la kauri. Masikioni alisikia kicheko cha Shangazi, na mkononi bado alihisi lile pigo dogo. Hakuweza kuwapa chakula kile. Wala hakuweza kusema. Ndipo wazo likamjia, la haraka kama mawazo yake yote. Alilibeba bakuli mpaka mlangoni, mbele ya macho ya wote, akalegeza vidole.

Bakuli lilipasuka kwa kishindo. Tambi zilitapakaa sakafuni, mchuzi ukarukia ukuta.

"Umeungua?" Mama alikuwa ameshasimama. Baba alimshika mabega, akamkagua miguu.

"Limeniponyoka," alisema Kiguu kwa sauti ndogo.

"Bora bakuli kuliko mguu," alisema baba. "Pole, mwanangu, usilie."

Kiguu hakuwa akilia, lakini aliposikia pole hiyo, machozi yakaanza kweli. Alidhani angepumua sasa. Haikuwa hivyo. Mama alikusanya vigae, baba akafuata ufagio, wote wakimbembeleza yeye, yeye aliyewadanganya.

Shangazi alikuwa ameingia jikoni kutafuta kitambaa cha kufutia. Mara akapaza sauti ya furaha.

"Wifi! Acheni kulia! Huku sufuriani kumebaki sahani nzima! Nyinyi mtakula mkate, mimi na mtoto tumeshapona!"

Kiguu aligeuka. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya jiko, sufuria mkono mmoja, uma mkono wa pili. Tambi zilikuwa zimejizungusha kwenye uma. Uma ulikuwa unapanda.

"Shangazi, usile!"

Kelele ile iliwashtua wote. Uma ulisimama karibu na mdomo.

"Usile! Krimu imechacha. Na kuku pia. Niliviacha juani nikaenda kuruka kamba." Maneno yalimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. "Nilijua. Nilinusa nikajua, nikatia pilipili ili msijue. Na bakuli halikuniponyoka, Mama. Niliachia mwenyewe."

Shangazi aliurudisha uma ndani ya sufuria polepole, akaiweka sufuria juu ya jiko, akavuta kigoda na kuketi. Mkono wake ulikuwa tumboni. Uso wake, uliokuwa ukicheka muda wote, ulikuwa umepauka.

"Wewe umekula?" aliuliza kwanza.

"Tone moja tu, kwa ulimi."

"Tumbo likikuvuruga useme papo hapo. Sawa?"

"Sawa, Shangazi."

Mama alikuwa ameshika kiuno. Kiguu alijua hasira hiyo, lakini sauti ya mama ilipotoka haikuwa ya ukali aliouogopa. Ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Mimi niko mtaa wa pili. Simu iko hapo. Kwa nini hukunipigia?"

"Niliogopa utasema ulinikataza."

"Ningesema," alijibu mama. "Ningesema mpaka masikio yako yachoke. Halafu ningefunga cherehani, nikaja na kuku mwingine na krimu nyingine. Hivyo tu."

Hilo la mwisho hakuwa amelifikiria kabisa.

"Nilidhani moto utaua ubaya wote," alinong'ona.

"Moto unaua vijidudu vingi," alisema mama, "lakini chakula kikikaa kwenye joto muda mrefu, vingine huacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha mpaka sufuria itoboke. Sisi wazima tungeharisha, tungelala kitandani, tungepona. Mjamzito ni hatari zaidi, yeye na aliye tumboni. Na usitegemee pua peke yake. Chakula kingine huharibika bila kunuka."

Walimwaga kila kilichobaki. Kiguu mwenyewe alifuta ukuta na sakafu, akaisugua sufuria, akaosha mikono mpaka viwiko. Baba alikuwa ameshashuka dukani. Alirudi na maziwa ya baridi, jibini na tambi nyingine.

"Krimu imekwisha dukani," alisema. "Na kuku hakuna."

"Hatuhitaji," alisema mama, akifunga kitambaa kichwani. "Maziwa, siagi na unga vitatosha. Kiguu, njoo hapa. Wewe ndiye mpishi wa leo, au umejiuzulu?"

Kiguu alisogea. Mama aliyeyusha siagi, akatia unga kijiko kwa kijiko, akamkabidhi mwiko.

"Maziwa nitamimina mimi, kidogo kidogo. Wewe koroga. Ukiacha, utapata madonge. Ukikimbiza moto, mchuzi utaungua chini. Mchuzi huu hauna njia ya mkato."

Kiguu alikoroga. Mkono ulichoka, miguu ikataka kwenda, nje sauti za kamba zilisikika tena. Alibadilisha mguu wa kusimamia, lakini hakuondoka. Mwanzoni maziwa yalikuwa mepesi kama maji, na alidhani hayatabadilika kamwe. Kisha mwiko ukaanza kuacha njia nyuma yake. Mchuzi ulizidi kuwa mzito, mweupe, laini bila donge hata moja. Mama akatia jibini na vitunguu saumu, wakachanganya na tambi zikiwa bado za moto.

Muda wote huo Shangazi alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda. Kiguu hakuthubutu kumtazama. Mwishowe aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Umenikasirikia, Shangazi?"

"Nimekukasirikia," alisema Shangazi. "Na nimeogopa. Nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyo. Lakini bado naketi hapa na wewe, unaniona?"

"Nakuona."

"Basi lete sahani."

Wakaanza kula. Shangazi alizungusha tambi kwenye uma, akatia mdomoni, akafumba macho. Wote walimngoja. Alitafuna, akameza, akazungusha tena, na baba akaanza kucheka. Aliomba sahani ya pili. Aliipangusa kwa kipande cha mkate.

Aliposhiba, alimwita Kiguu akae kiti cha karibu naye.

"Sikiliza, binti wa kaka yangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kusahau kitu mezani si dhambi. Hata mimi nimewahi kusahau ngazi kwenye nyumba ya watu. Kosa lako lilianza pale ulipojua, ukanyamaza. Ukatia pilipili juu ya uchachu, ukavunja bakuli juu ya pilipili, na bado ule uchachu ukanifikia kwenye uma. Chakula kikiharibika tunakimwaga, tunapika kingine, kama tulivyofanya leo. Ila neno la mtu likiharibika, hakuna duka linalouza jingine. Leo umechelewa kusema, lakini umesema kabla sijameza, na kwa hilo nakushukuru. Siku nyingine, mpenzi wangu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nitasema, Shangazi," alisema Kiguu.

Akainuka, akakusanya sahani zote, akaenda kuziosha.