Mgeni wa Bi Orie

Mteja hakuvuka mlango mpaka aambiwe.

Tamaki aliliona hilo mapema, pale kwenye geti la tiketi la kituo cha Namba, na halikumpendeza. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni jijini Osaka, bila basi na bila kipaza sauti, mtu mmoja au familia moja kwa siku, akiwa na kibendera chake cha manjano mkononi. Alikuwa amewaona wa kila namna. Wanaopotea makusudi, wanaosinzia hekaluni, wanaotaka picha na kila kaa wa plastiki aliyetundikwa juu ya mgahawa. Lakini mtu mzima anayesimama mbele ya njia iliyo wazi, mikono ameikunja tumboni, akingoja, huyo hakuwa amemwona.

"Tupite huku, mama," alisema Tamaki.

Mwanamke hakusogea.

"Karibu, nifuate."

Ndipo akapita. Na alipopita alijibana pembeni, kama anayempisha mtu.

Jina lake Orie. Alikuwa ametoka Tottori asubuhi ile, mama wa makamo, nadhifu, nywele zimebanwa zikabanika. Alijiandikisha kutembea peke yake na kweli alikuja peke yake. Ila kila walipofika mlangoni, iwe duka, iwe hekalu, iwe lifti, mambo yalikuwa yaleyale: anasimama, anasubiri neno, anajibana, anapita. Barabarani alitembea upande wa magari, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yake na ukuta. Tamaki akaanza kumkagua. Huyu anaijua kazi hii. Wanaotembea hivyo ni watembeza wageni tu. Basi ametumwa na ofisi aje kunipima.

Hakuwa mtu wa kukaa na shaka mfukoni.

"Mama, wewe uliwahi kufanya kazi yangu hii?"

"Mimi? Mimi ni mama wa nyumbani tu, dada."

"Mbona unatembea kama umebeba watu nyuma?"

Orie alicheka kidogo, akaangalia chini. "Kijijini kwetu barabara ni nyembamba."

Uongo, alisema Tamaki moyoni, na akaendelea kutabasamu kwa sababu ndiyo kazi.

Mchana aliingia naye Shinsekai, kwenye kibanda cha mishikaki ya kukaanga cha Tatsuo, mahali ambapo bakuli la mchuzi ni moja kwa meza nzima, na sheria ni moja pia: unachovya kabla hujauma, basi. Ukishauma, huchovyi tena. Tatsuo aliweza kumsamehe mtu aliyemtukana mama yake, si aliyechovya mara mbili.

"Dada Tamaki," alisema akigeuza mafuta, "leo umeniletea mteja au umeniletea mafuriko? Harufu gani hii, kama jivu lililomwagiwa maji?"

"Ni mafuta yako ya mwaka jana hayo."

"Mafuta yangu mabichi kuliko wewe."

"Ndiyo maana hayajaolewa."

Watu wa meza ya pili walicheka. Orie hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, sahani yake safi, mikono chini ya meza. Tatsuo alileta mishikaki, akainama kusogeza bakuli, akaganda.

"Nani amechovya mara mbili?"

Alitoa mshikaki kwenye mchuzi. Kitunguu kilikuwa kimeumwa. Meno yalionekana, mapana, yameachana.

"Sijaanza kula," alisema Tamaki.

"Nami sijagusa," alisema Orie. Kisha, kwa sauti ya chini, akiitazama nafasi tupu pembeni yake: "Samahani. Hajauzoea mji."

"Nani hajauzoea?"

"Mimi. Nimesema mimi, dada."

Tatsuo aliubeba mchuzi wote, akaenda kuumwaga nyuma. Aliporudi hakutania tena mpaka walipoondoka.

Jioni Tamaki alimsindikiza hadi kituoni. Kwenye geti Orie alimshika kiganja kwa mikono miwili.

"Dada, labda ni uchovu tu, sijui. Hebu sema tena, kama ulivyosema asubuhi. Nililipenda neno lile."

"Niseme nini?"

"Karibu, nifuate."

Tamaki alicheka kwa uchovu. "Karibu, nifuate."

Orie aliuachia mkono. Alipita getini, na safari hii hakusubiri neno la mtu. Ni desturi mwenyeji kusimama ameinama mpaka mgeni apotee machoni, na mgeni, akifika kwenye kona, kugeuka mara moja na kuinama naye. Hata mlevi hugeuka. Orie alifika kwenye kona akaikata kama anayekimbizwa, na Tamaki akabaki ameinama mbele ya watu waliokuwa wakipita, hasira zikimpanda, na hapo hapo, nyuma ya visigino vyake, akasikia kandambili zilizolowa zikiburutwa hatua moja, zikatulia.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ile harufu ya jivu bichi tu.

Nyumbani aliishi na baba yake, Mzee Yasaburo, aliyeendesha winchi bandarini mpaka magoti yakakataa. Akili yake ilikuwa kali, ulimi wake mkali zaidi. Siku ile alikuwa mlangoni kabla Tamaki hajavua viatu.

"Ungepiga simu basi, kwamba unakuja na mgeni," alisema. "Karibu bwana, karibu ndani, usimsikilize huyu. Kaa hapa."

Akavuta mto wa kukalia, akauweka upande wa pili wa meza.

"Baba, niko peke yangu."

Mzee alimtazama, akautazama mto, akakunja uso. "Aa. Macho haya." Lakini hakuuondoa mto. Na mto ulikuwa umebonyea katikati.

Asubuhi yake mzee alikuwa amevaa koti na kofia, anatafuta fimbo.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwonyesha mgeni mtaa. Kaniomba."

"Mgeni gani, baba?"

"Wewe ndiye uliyemleta halafu unaniuliza mimi. Mtu mpole. Hasemi sana."

Mara ya kwanza Tamaki alimkuta kwenye duka la kona, akimweleza mtu asiyeonekana bei za maandazi ya maharage, muuza duka akitazama kando kwa aibu. Baadaye akamkuta bustanini. Kisha ikaja siku aliyorudi kazini akakuta nyumba tupu na kibendera chake cha akiba hakipo, akakimbia mtaa kwa mtaa akiuliza, mpaka akamwona baba yake mbali, juu ya daraja linalovuka reli, mtu ambaye kwa miezi alikuwa haendi bafuni bila kulalamikia magoti, amesimama wima kama kijana, ameinua kibendera, amepanda ukingo wa chuma kwa mguu mmoja na anavuta wa pili, anazungumza huku akicheka, na pembeni yake pale juu ya saruji kavu zimejipanga alama za kandambili zenye maji, moja, nyingine, nyingine, zote zimeelekea kwake.

Alimkamata kiunoni wakaanguka wote.

"Umeniaibisha mbele ya mgeni," alisema mzee. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alipofika nyumbani alilala bila kula, na nyuma ya mlango wake wa karatasi Tamaki alisikia mtu wa pili akipumua.

Alikwenda kwa Bibi Umeno, aliyeuza mboga za kuchacha sokoni Tsuruhashi na kuwatazamia watu katika chumba cha nyuma. Bibi hakuuliza swali. Alinusa mkono wa koti la Tamaki, akasogeza kiti chake nyuma.

"Huyu si wa kufukuza, mwanangu. Ukimwekea chumvi mlangoni ataivuka. Ukimsomea maombi atayasikiliza mpaka mwisho, na adabu zake. Alikufa safarini, hakufika. Sasa humfuata anayemkaribisha. Akishatembezwa vya kutosha, hugeuka yeye, akamtembeza mwenyeji wake. Na njia yake huishia palepale ilipomwishia."

"Nifanye nini?" alinong'ona Tamaki.

"Unao wenzako wa kazi?"

"Wapo."

"Siku mko pamoja, nyamaza. Mwache mwenzako aseme yeye, karibu, nifuate. Halafu uondoke bila kugeuka."

Tamaki alihisi uso ukimwaka. "Huo si wizi, bibi?"

"Ndivyo ulivyopewa wewe."

"Na nikimrudisha kwa aliyenipa?"

Bibi Umeno alifikiri. "Inawezekana. Mwite kama ulivyomwita, utoke naye mchana kweupe, na usigeuke nyuma mpaka ufike kwenye mlango wa huyo mtu. Ukigeuka atajua humtaki, hatakwenda."

Basi kesho yake, baba yake angali kitandani, Tamaki alisimama kizingitini na kibendera chake, akasema kwa sauti aliyowasemea wateja wote, "Karibu, nifuate," akatoka. Hakugeuka kwenye ngazi, hakugeuka kituoni. Ndani ya treni ya Tottori alikaa dirishani, akaacha kiti cha pembeni wazi, akaukodolea macho ukuta wa milima na mahandaki yanayoufungua na kuufunga, shingo imekakamaa mpaka inauma, akijizuia kutazama hata kwenye kioo, kwa sababu kila treni ilipoingia handakini kioo kilikuwa cheusi na kilionyesha viti vyote, na alijua kwamba akikosea mara moja tu, kwa kupepesa jicho tu, baba yake amekwisha. Mtu aliuliza kama kiti kina mwenyewe. "Kina," alisema, bila kugeuka.

Nyumba ya Orie, kwa anwani aliyoiacha alipojiandikisha, ilikuwa mwisho wa njia ya mashamba, mlango wa mbao wa kusukuma. Tamaki aligonga.

"Nani?"

"Osaka."

Mlango ukafunguka upana wa jicho moja.

"Usiseme," alinong'ona Orie. "Dada, nakuomba kwa miguu yako, usilitamke lile neno hapa."

"Kumbe unanijua. Nilidhani mama wa nyumbani hawajui mambo haya."

"Nilitembeza wageni kwenye mabasi. Miaka. Nilimpata huko, kwa mteja aliyeshuka bila kugeuka. Mgeni huyo alimchukua mume wangu. Walitoka asubuhi kama marafiki, wakaenda hadi kwenye reli." Orie alikuwa amepiga magoti, paji la uso sakafuni. "Ningekaa naye mimi mwenyewe. Lakini binti yangu amekuja kujifungulia hapa."

Ndani, kama kuthibitisha, mtoto alilia, kile kilio chembamba cha aliyezaliwa juzi.

"Nami nina baba," alisema Tamaki.

"Najua."

"Hujui. Hukuuliza. Siku nzima ulitembea nami, ukakaa nami meza moja, na hukuuliza nani yuko nyumbani kwangu."

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Tamaki, lina uzito wa kitu cha kutafuna. Angelisema, angeondoka kwenye ile njia ya mashamba bila kugeuka, na jioni angemkuta baba yake akiutukana mchuzi wa supu kwamba hauna chumvi. Mtoto alilia tena. Tamaki akashusha kibendera.

"Inuka," alisema. "Sisemi. Nitabaki naye mimi. Nitazunguka naye miji hii mpaka nichakae, na nyumbani sirudi. Lakini wewe utakaa ukijua ulichofanya."

Orie aliinuka polepole. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa mkono wa kimono, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Uso wake ulibadilika.

"Dada," alisema. "Mbona sisikii harufu?"

"Harufu gani?"

"Nilikaa nayo miaka. Hukuja naye." Alisukuma mlango wote, akatazama juu ya bega la Tamaki, kwenye njia ya mashamba iliyonyooka, tupu, kavu. "Nani alimkaribisha nyumbani kwako? Si wewe. Pale ndani. Nani alimwambia karibu?"

Tamaki aligeuka nyuma kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakunusa kitu ila mpunga. Alibonyeza simu, na ililia, ikalia, ikalia, mpaka ikapokelewa na sauti yenye upepo.

"Baba, uko wapi?"

"Nje kidogo. Usianze kufoka."

"Uko na nani?"

"Na mgeni wako, na nani tena. Unaondoka asubuhi umempa mgongo, husemi hata kwaheri. Ndivyo unavyofanya kazi?"

"Baba, simama hapo ulipo. Kaa chini. Kaa chini barabarani."

"Magoti hayaumi leo hata kidogo. Na huyu bwana kumbe njia anaijua, mwanangu. Mimi ndiye ninayemfuata."

Nyuma ya sauti yake kengele ilianza kugonga, ile ya njia ya treni vizuizi vinaposhuka.

"Baba."

"Ngoja," alisema Mzee Yasaburo. "Ananiita. Yeye ameshavuka."