Kivimbe Kilichotupwa

Siku ya tatu baada ya kurudi kutoka hospitali, Estelle alikuta kijiko cha Cyusa kimelowa uji. Kijiko hicho kilikuwa kimening'inia ukutani miaka miwili, tangu mwanawe huyo afe kwa homa njiani, walipokuwa wakikimbia vita. Siku ile Estelle alimbana paji kwa paji mpaka mwili wa mtoto ukapoa. Baada ya mwezi, palepale kwenye paji la Estelle kikaota kivimbe laini kama kunde.

Daktari alisema ni mafuta tu, hayana ubaya. Alimkata kidogo ndani ya nywele, akakivuta kupitia hapo, uso ukabaki safi. Muuguzi akauliza kama wangekwenda nacho, maana watu wengi wa milima ile huzika migombani chochote kilichotoka mwilini, kama kitovu cha mtoto. Théophile, mumewe, aliona haya mbele ya wasomi.

"Mutupe tu," alisema. Mjinga yule, Mungu amsamehe.

Sasa kila adhuhuri vidole vilikwaruza mlango, chini, usawa wa goti.

"Papa Cyusa, unasikia?" Estelle alinong'ona. "Njo yeye, mutoto wetu. Nimufungulie?"

"Hapana. Mutoto alishakufa."

"Ulitupa nyumba yake, kile kivimbe."

Harufu ya uji wa mtama ikajaa nyumbani hata moto ulipokuwa umezimwa, mbuzi wakakataa kupita uani, kovu la Estelle likafunguka likawa linachuruzika, naye akaacha kula, akashinda nyuma ya mlango akiukwaruza kwa ndani, polepole, akimjibu mwanawe.

Théophile akamwita Mama Mukagasana, mwombezi wa kijiji.

"Ukimufungulia, atakubeba," mama yule alimwambia Estelle kwa sauti ya chini. "Na mimi siwezi kumufukuza. Mama yake mwenyewe njo atamufukuza."

Estelle alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaegemeza paji lake mlangoni.

"Enda, mwanangu. Kwa mama hakuna tena fasi."

Alikuwa hajawahi kusema uongo mkubwa kama huo. Miguu midogo ilishuka kizingitini, ikazunguka nyumba, ikanyamaza.

Asubuhi Théophile alinawa uso, mkono ukakwama kwenye paji. Kitu kidogo, laini, chenye joto. Akavaa kofia, akaingia ndani. Estelle alikuwa amekishika kile kijiko, kikavu, akilia kimya kimya. Kama angemwambia, Estelle angemtaka mtoto wake. Na kama angemtaka, angekwenda naye. Basi Théophile akaketi karibu yake, akaikaza kofia, na chini ya kofia mtoto wao alikuwa anapumua.