Tulisoma Fatiha, Hatukuandika Mkataba

Nina miaka ishirini na nne, nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto wa kike wa miezi minane, na nimechoka. Mkiona naandika kwa ukali mnisamehe. Ningekuwa na nguvu ningeandika kwa ukali zaidi!

Naishi Mokowe. Babake mtoto anabahatisha kubeba mizigo gatini, siku ipo, siku haipo. Riziki yetu ilikuwa kwangu mimi, kwenye banda la kusafisha pweza na ngisi wanaoletwa kutoka Kiwayu na Kiunga. Tunawaosha, tunawatoa wino, tunawapanga kwenye barafu. Vidole vinakufa ganzi mpaka ukifika nyumbani huwezi kufunga kifungo cha nguo ya mtoto.

Kazi hiyo nilitafutiwa na mama yangu mdogo, Bi Rukia. Mamangu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Sijalisahau hilo hata leo, na ndiyo maana linaniuma...

Miaka yote tulikuwa vibarua. Kila baada ya miezi mitatu tajiri, mwenye banda, anatupumzisha wiki moja, kisha anatuita upya, ili asipatikane hata mmoja wa kudai kuwa ameajiriwa. Nilipojifungua nilirudi kazini mtoto akiwa mchanga mno. Ruhusa ya kwenda kumnyonyesha hakuna. Ikifika adhuhuri maziwa yananichuruzika, nguo imerowa, na mwanangu analia kwa jirani nyuma ya banda, namsikia! Mmewahi kumsikia mwanenu akilia, nanyi mikono imejaa pweza?

Tukagoma. Wanawake wote tukakaa nje ya geti, Bi Rukia akiwa msemaji wetu. Wallahi, siku ile nilijivunia kuwa damu yake.

Ulikuwa wakati wa kampeni, basi mheshimiwa mmoja akaja mbio kutupatanisha. Akasimama na tajiri mbele yetu. Tajiri akakubali yote: tutaajiriwa rasmi, anayenyonyesha atapewa saa moja mchana, na hakuna atakayefukuzwa kwa kugoma. Mheshimiwa akasema, "Sisi ni watu wa dini. Tusome Fatiha, yaishe."

Kwetu Fatiha ndiyo hufunga maneno. Posa ikikubaliwa husomwa Fatiha. Ugomvi wa mashamba ukiisha husomwa Fatiha. Nani angethubutu kuivunja?

Mwenzetu mmoja tu, Mama Shiro, mtu wa bara, ndiye aliyenyosha mkono. "Ombeni, ni sawa. Lakini si pia waandike, hata kwa karatasi ya daftari, waweke sahihi?"

Bi Rukia akamgeukia. "Mama Shiro, nyinyi kwenu mwaamini muhuri. Sisi twamuamini Mungu."

Tulicheka, jamani! Mama Shiro naye hakunyamaza. "Mungu namjua, Bi Rukia. Ni tajiri ndio simjui."

Tukamuona hana adabu. Tukainua mikono, tukasoma, tukajipangusa nyuso, tukarudi kazini...

Saa yangu ya kunyonyesha nilipewa. Nitasema ukweli, nilipewa, na mwanangu akanawiri. Lakini kampeni zilipokwisha na mheshimiwa akapata kiti chake, saa ile ikafutwa. Habari ya kuajiriwa rasmi hata haikutajwa tena. Nilipouliza, nikaambiwa kesho nisije. Mama Shiro akanitetea, naye akaambiwa asije. Waliobaki wakainamia ngisi wao.

Mimi na Mama Shiro tulikwenda afisi ya leba. Afisa alitusikiliza vizuri, kisha akaomba mkataba. Nikamwambia karatasi hatuna, lakini shahidi yupo, tena msemaji wetu mwenyewe. Nikamtaja mama yangu mdogo bila wasiwasi wowote.

Akaitwa. Akaja amevaa koti jeupe la supavaiza... Sikuwa na habari! Afisa akamuuliza kama tajiri aliahidi chochote siku ile getini. Hakunitazama. Akamwambia afisa, "Hakuahidi kitu, mwanangu. Tulisoma dua ya kuombeana heri tu."

Dua ya kuombeana heri! Mwanamke aliyenifundisha Fatiha yenyewe, aya baada ya aya, nikiwa mtoto wa kukaa mapajani mwake!

Sasa hivi ukifungua redio ni mjadala huo huo wa mikataba ya kazi. Mheshimiwa anasema mikataba mikali itawafukuza wawekezaji na vijana watakosa kazi. Mpinzani wake anasema mishahara lazima iandikwe. Wanabishana kweli kweli, na kila mmoja anawataja "akina mama wa Mokowe". Nani kati yao amekuja kuuliza akina mama wa Mokowe wanapika nini?

Walipokuja kwenye mkutano wa hadhara nilisimama, mtoto begani. Nikasema, "Mheshimiwa, ulisoma Fatiha nasi pale getini. Imekuwaje?"

Akatabasamu. "Dada yangu, mambo ya Mungu tusiyachanganye na siasa."

Watu wakapiga makofi! Na yule mpinzani, mtetezi wetu? Alinifuata pembeni akataka tupigwe picha.

Mama Shiro alirudi kwao bara. Siku anaondoka hakunicheka wala hakunilaumu. Heri angenicheka.

Kisha Bi Rukia akaja mlangoni kwangu. Akasema kazi ipo, ya kibarua, ila habari za saa ya kunyonyesha asizisikie tena. Nilitaka kumfungia mlango. Babake mtoto aliangalia sufuria tu. Nikakubali. Nitukaneni mkitaka. Njaa haigomi.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi. Msifanye kama sisi. Mtu akiwaahidi kazi, awe tajiri, awe mheshimiwa, awe mamako mdogo, aandike kwanza. Atie sahihi, nanyi mbaki na nakala. Mkishaiweka mahali salama, hapo someni Fatiha hata mara saba. Kuandika si kumkosea Mungu. Aliyemkosea ni yule aliyemfanya shahidi kisha akamkana.

Kesho naingia kazini asubuhi. Leo nimejipaka shubiri kwenye maziwa ili mwanangu aache kunyonya. Ameonja, amekunja uso, amenitazama... kisha akarudi kuonja tena.